Urafiki wa Motari wa Baraka na Fizi

Baraka ni mji ulioko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Fizi iko juu, milimani. Kati ya miji hiyo watu wengi husafiri kwa pikipiki, naye aiendeshaye huitwa motari. Motari wengi hawana pikipiki yao wenyewe. Jioni humpelekea mwenye chombo hesabu yake, na kilichobaki ndicho chakula cha watoto.

Basi motari amwonapo mwenzake amekwama njiani, mnyororo umekatika au mpira umetoboka, imempasa kuchagua. Akisimama, fedha ya siku yapungua. Akipita, mwenzake aweza kulala porini, katika nchi ambamo vita vimewafukuza watu mara nyingi tangu 1996. Wako wasimamao hata kwa mtu wasiyemjua jina, kama alivyofanya yule Msamaria.

Tena iko likelemba. Watu 10 wakiweka kila mmoja faranga 2.000, mmoja huzichukua zote 20.000, safari ya pili ni zamu ya mwingine. Akitokea mmoja aliyekwisha kupokea, kisha akakataa kuweka, wote waumia.

Lakini umoja waweza kupotoka. Motari akimgonga mama aendaye sokoni, wenzake hukusanyika upesi. Wakimpigia kelele aliyeumia ili mwenzao asilipe, huo si urafiki, ni genge. Marafiki humbeba mama hospitalini kwanza, kisha huchanga fedha ya dawa, na mkosaji hutoa wa kwanza.