SOMO KWA WAZAZI: SAMAKI ASIYESAHAU MTO WA KWAO

Kusoma: Kumbukumbu la Torati 6:6-7, Mithali 22:6, Luka 15:11-24



Katika bahari ya Pasifiki, upande wa Marekani na Kanada, kuna samaki aitwaye salmoni. Huzaliwa mtoni, hushuka baharini akingali mdogo, hukaa huko mwaka mmoja au zaidi, halafu hurudi kuzaa katika mto ule ule aliozaliwa. Anaujuaje?

1. Hufuata harufu. Kila mto una harufu yake, itokayo katika udongo na majani yake. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Arthur Hasler na wenzake walikamata salmoni katika vijito viwili vinavyokutana, karibu na mji wa Seattle. Nusu yao waliwaziba pua kwa pamba, kisha wakawarudisha wote chini ya makutano. Wenye pua wazi, wengi walirudi katika kijito chao. Waliozibwa walipanda ovyo, ingawa nguvu na macho walikuwa navyo.

2. Harufu hiyo hujifunza utotoni, kabla ya kuondoka. Katika miaka ya 1970 wataalamu walilea salmoni wadogo katika maji yaliyotiwa dawa iitwayo morfolini, wakawaachilia katika Ziwa Michigan. Mwaka mmoja na nusu baadaye wakaitia dawa ile katika mto ambao samaki hao hawakuzaliwa. Kati ya waliokamatwa, zaidi ya 90 kwa 100 walipatikana katika mto huo.

3. Fundisho. Watoto wetu nao wataondoka: mjini, masomoni, machimboni. Tuwaangalie samaki wa Michigan: walifuata harufu waliyotiwa mapema, hata kama mto haukuwa wao. Nyumba isiyo na sala haikai bila harufu. Mtoto atajifunza ile ya pombe, ya matusi, ya baba na mama wasiosemezana. Halafu tutamlaumu kwamba amesahau kanisa, kumbe hatukumpa cha kukumbuka. Basi tuombe pamoja naye na kumfundisha nyimbo tulizopewa na Roho, siku angali chini ya paa letu.

Na aliyekwisha kupotea? Pamba huondolewa. Tumwombee, na mlango tusiufunge.

Maswali ya kujibu nyumbani:
- Mtoto wako akiondoka kesho, atakumbuka nini cha nyumba yako?
- Pamba gani imeziba pua ya vijana wetu, na nani ameiweka?

Bwana awabariki.