Zamu ya Lebanoni na Zamu ya Nyumbani

Masomo: 1 Wafalme 5:13–14, Luka 1:8–24, 1 Wakorintho 7:5



Jumapili iliyopita tuligusia familia zinazoishi kwa zamu, na wengi mliomba somo liandikwe ili mlisome nyumbani. Kanisa letu liko karibu na uwanja wa ndege. Tukihesabu viti safu kwa safu tutapata wauguzi, walinzi, polisi, madereva wa malori, wahudumu wa ndege na mafundi wao. Leo nachukua kazi moja iwe mfano: rubani kijana aliyeajiriwa karibuni na shirika la ndege. Wewe ambaye hujawahi hata kupanda ndege, usikunje karatasi. Ondoa neno "ndege", weka "lori" au "wodi", na somo litakuwa lako.

RUBANI MDOGO ANAISHIJE?

Watu wakiona sare na ile mistari ya begani husema, "Huyu ameomoka." Hebu tuangalie vizuri. Mafunzo ya urubani, kama yale yanayotolewa pale Wilson, hugharimu mamilioni ya shilingi. Mara nyingi mzee ameuza kipande cha shamba, ukoo umechanga, au kuna mkopo unaosubiri. Kijana akipata kazi anaanza kama rubani msaidizi, na jina lake linakaa chini kabisa kwenye orodha. Katika mashirika mengi, orodha hiyo ya nani alitangulia kuajiriwa ndiyo inayoamua nani atachagua kwanza safari, likizo na siku za ofu. Waliotangulia wanachukua Krismasi, Pasaka na wikendi. Wa mwisho anachukua kilichobaki.

Rosta ikitoka, Jumatatu anaamka saa nane usiku ili awahi safari ya kwanza ya Kisumu. Anarudi, anaunganisha Mombasa, anarudi tena. Jumatano usiku yuko njiani kuelekea Afrika Magharibi. Ijumaa ana zamu ya kusubiri: yuko nyumbani, lakini sare imepigwa pasi na simu iko mezani. Ikilia, anaondoka. Jumapili sisi tukiimba sifa, yeye yuko juu ya mawingu au amelala hotelini mji wa watu.

Je, tumwambie aache kazi? Kazi hiyo aliiombea, na wengi wetu tulifunga pamoja naye. Pia kuna deni la kulipa. Kwa hiyo swali letu ni hili: nyumba itajengwaje na mtu ambaye kalenda yake imeandikwa na wengine?

TUPIGE HESABU

Nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, kwa hiyo mniruhusu nichukue kalamu. Huu ni mfano tu. Kila nyumba ina hesabu yake.

Tuseme baba wa kwanza anafanya kazi ofisini. Kwa sababu ya jam ya Mombasa Road, anamwona mtoto akiwa macho saa moja tu kwa siku. Katika wiki nne ana siku 20 za kazi, hizo ni saa 20. Siku 8 za wikendi, saa 10 kila siku, ni saa 80. Jumla ni saa 100.

Baba wa pili ni rubani mwenye siku 10 za ofu katika hizo wiki nne. Jirani anamwonea wivu: "Siku kumi nzima unakaa tu!" Lakini tuseme siku 7 kati ya hizo zimeangukia siku za shule. Mtoto anashuka basi la shule saa kumi jioni na kulala saa mbili usiku. Saa 4 mara 7 ni 28. Siku 3 zilizobaki, saa 10 kila moja, ni 30. Jumla ni saa 58.

Hesabu hii inatuambia mambo mawili. Kwanza, pengo lipo. Mke anayelalamika hajapungukiwa na imani. Amesoma hesabu vizuri kuliko jirani. Pili, saa 58 si sifuri. Mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo hafungi duka. Anajua kila shilingi iko wapi. Mwenye mtaji mkubwa ndiye anayeweza kupoteza bila kujua, kama yule baba wa ofisini anayekaa Jumamosi nzima sebuleni na simu mkononi.

BIBLIA INAJUA ZAMU

Mfalme Sulemani alipotaka miti ya kujenga hekalu, alikusanya watu 30,000 kwa shokoa, yaani kazi ya lazima. Haikuwa kazi ya starehe. Lakini angalia ile rosta katika 1 Wafalme 5:14. Aliwagawa vikundi vya watu 10,000, na kila kikundi kilikaa mwezi mmoja Lebanoni na miezi miwili nyumbani. Roho Mtakatifu angeweza kutuachia habari za mierezi peke yake. Alituandikia pia siku za nyumbani. Nyumba ya Mungu ilikuwa inajengwa, na bado nyumba za wajenzi zilihesabiwa.

Sheria ya Musa nayo, katika Kumbukumbu la Torati 24:5, ilimwachilia mume aliyeoa karibuni asiende vitani kwa mwaka mmoja, akae amfurahishe mke wake. Marubani wengi wadogo wako katika miaka hiyo hiyo ya ndoa changa, na mwajiri wa leo hatoi mwaka huo. Basi lazima tuutafute vipande vipande, siku hii na siku ile.

Tena kuna Zekaria. Makuhani walihudumu kwa zamu, naye alikuwa wa zamu ya Abiya. Luka 1:23 inasema kwamba siku zake za huduma zilipotimia, alienda nyumbani. Hakuongeza zamu. Hakupitia kwa marafiki kwanza. Alirudi akiwa bubu, ni kweli, lakini yeye alikuwa amekutana na malaika Gabrieli. Wako waume wanaorudi nyumbani bubu na hawajakutana na malaika yeyote, ila simu tu!

Mnaona jambo la msingi? Mungu hamdai mtu wa zamu siku nyingi kama za jirani yake. Anamdai kwamba zamu ya nje ikiisha, zamu ya nyumbani ianze kweli. Lebanoni ni zamu. Nyumbani pia ni zamu, na ina kazi yake.

HATARI ILIPO

Dada mmoja ambaye mume wake ni rubani msaidizi aliniruhusu niwaambie maneno yake bila jina. Alisema, "Pasta, zamani alipoondoka nililia. Sasa silii. Nimezoea asipokuwepo. Akirudi naona kama mgeni amekuja kuvuruga nyumba, na hiyo ndiyo inaniogopesha."

Wapendwa, machozi si hatari kubwa. Mke anayelia bado anamngoja mtu. Hatari ni siku nyumba inapojipanga vizuri bila wewe. Mtoto anaomba ruhusa kwa mama hata baba akiwa ameketi hapo hapo. Mama anaamua karo, fundi wa bomba na kikao cha shule, kisha anasahau kusimulia. Hakuna aliyegombana. Nafasi tu imezibwa.

Ndiyo maana 1 Wakorintho 7:5 inawaonya wanandoa wasinyimane, isipokuwa kwa kupatana na kwa muda, kisha warudiane. Paulo anazungumzia jambo la chumbani, lakini kanuni inafika mbali: kutengana kuwe kwa mapatano, kuwe na mwisho, na kufuatwe na kurudiana. Rosta inaleta kutengana. Mapatano na kurudiana, hayo rosta hayaleti. Ni kazi yenu wawili.

MAMBO MANNE YA KUFANYA

1. Rosta ikitoka, kaeni pamoja kabla ya kumwambia mtu mwingine.
Nusu saa inatosha. Chukueni kalenda moja ya ukutani. Wekeni alama ya siku za usingizi, siku ya watoto, na siku ya mume na mke. Yanayobaki ndiyo ya ndugu, harusi, shamba na kamati. Watu wengi hupanga kinyume: ukoo unachukua ofu tatu za kwanza kwa sababu "ni sisi tuliochanga", na mke anapewa makombo. Waheshimu wazazi wako, watumie chochote, lakini ahadi ya madhabahuni uliiweka na mmoja.

2. Usingizi uheshimiwe.
Mke, akirudi saa kumi na mbili asubuhi baada ya kuruka usiku kucha, huyo hajaanza ofu. Bado yuko kazini mpaka alale. Februari 2009 ndege ya abiria ilianguka karibu na mji wa Buffalo, Marekani, na watu 50 wakafa. Wachunguzi walipata makosa ya uendeshaji, lakini swali la uchovu pia lilizuka, kwani rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili afike kazini. Sheria zikabadilishwa: tangu Januari 2014, rubani wa ndege za abiria huko lazima apewe mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Hapa kwetu pia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, inasimamia mipaka ya saa za kazi za marubani. Kwa hiyo kumwacha alale ni kulinda abiria, na ni kumlinda baba wa watoto wako. Lakini ndugu rubani, ukiamka, amka kweli. Usitoke kitandani uhamie kwenye runinga.

3. Pokezaneni usukani kwa maneno.
Ndani ya ndege wako marubani wawili, lakini kwa wakati mmoja anaendesha mmoja na mwingine anafuatilia. Wakibadilishana, hawakisii. Mmoja hutamka kwamba sasa anaendesha yeye, na mwenzake hujibu kwa sauti kwamba amemwachia. Wakikosa kusema, kila mmoja anaweza kudhani mwenzake ndiye ameshika. Nyumbani ni vivyo hivyo. Ukirudi, usianze kwa kubadilisha saa ya kulala ya watoto au kumgombeza dada wa kazi. Uliza kwanza: "Nyumba iko vipi? Nini kimeamuliwa? Nishike nini?" Kisha shika kitu kizima: kazi za shule za mtoto, jiko la jioni, kumpeleka kliniki. Naye aliyebaki akubali kuachia, hata kama chapati zitatoka na pembe nne. Yeye pia anahitaji ofu, na hakuna mwajiri atakayemwandikia.

Na hapa sisemi wanaume tu. Mkenya mwenzetu, Kapteni Irene Koki Mutungi, alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Mabinti zetu wanaruka. Kwa hiyo wako waume wanaobaki na watoto, na somo ni lile lile.

4. Usiahidi siku ambayo si yako.
Siku ya kusubiri simu si ya kuahidi. Mtoto hajui rosta. Anajua tu kwamba baba alisema. Mfundishe tofauti ya "nitakuja" na "nikipata nafasi nitakuja", na ukitamka lile la kwanza, lisimame. Sherehe inaweza kuhama. Mtoto wa miaka mitano hajali kama keki imekatwa Jumatano badala ya Jumamosi, ila anajali ulikuwepo. Chokoleti za uwanja wa ndege ni nzuri, lakini zisiwe faini unayolipa kila ukirudi. Wengine tunaikimbilia 1 Timotheo 5:8, kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, halafu tunatafsiri kutunza kuwa M-Pesa peke yake. Pesa ni sehemu ya matunzo. Mwenye kutuma pia anahitajika.

NENO KWA KANISA

Tusimwandike mtu kwamba amerudi nyuma kwa sababu hatumwoni Jumapili. Uliza rosta yake kwanza. Viongozi wa ushirika wa nyumbani, kama familia ina ofu Jumanne, mtawezaje kwenda kuomba nao Jumanne? Tena kila familia ya zamu iwe na familia mbili jirani zinazojulikana kwa majina. Mtoto akishikwa na homa saa saba usiku na baba yuko Accra, mama asianze kutafuta namba ya nani ampigie. Akina baba mnaotaka kusaidia, nendeni na wake zenu, ili wema wenu usisemwe vibaya.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika wiki nne zilizopita, saa zetu za pamoja zilikuwa ngapi? Zihesabuni kweli, kwa kalamu.
2. Ni uamuzi gani umekuwa ukifanywa na mmoja wetu kwa sababu mwingine hayupo? Tunataka uendelee hivyo?
3. Yule anayebaki nyumbani, ofu yake iko wapi mwezi huu?
4. Kuna ahadi gani kwa watoto ambayo bado haijatimizwa? Itatimizwa siku gani?

TUOMBE

Baba, tunakushukuru kwa kazi ulizotupa, hata zile zinazotutoa vitandani usiku wa manane. Walinde walio angani, barabarani na wodini saa hii. Wape nguvu wanaobaki na watoto. Palipo na nafasi iliyozibika katika nyumba zetu, uifungue tena, na zamu ikiisha uturudishe nyumbani tukiwa na moyo wa kukaa. Katika jina la Yesu, Amina.