Kampuni Ikijali Majirani, Mfanyakazi Hupata Nini?

Ukisikia kampuni imechimba kisima au imelipia watoto karo, huenda ukasema, "Hao wanajitangaza tu!" Pengine ni kweli. Lakini je, yule mfanyakazi wake anayeamka alfajiri kuwahi zamu, jambo hilo lamfaa nini?

Hebu twende Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Kiwanda cha saruji kilianza kazi huko mwaka 1954, kikichimba mawe ya matumbawe na kuacha mashimo meupe yasiyoota kitu. Mwaka 1959 kilimwajiri mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller. Kazi yake ya kwanza, na hapa ndipo penye utamu, ilikuwa kulima chakula cha wafanyakazi. Miti machimboni alianza kuipanda 1971. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu, mvinje ukiwemo. Majani ya mvinje yakaanguka na kukataa kuoza, basi wakaletwa majongoo kwa mamia, wakayala na kuyageuza udongo. (Nani angedhani jongoo ni kibarua hodari!) Mwaka 1984 wananchi wakafunguliwa mlango, na leo pahali hapo paitwa Haller Park.

Kazi ya kuacha shimo haina fahari. Lakini shimo likiwa msitu, na majirani wakiusifu, mfanyakazi naye huona ana fungu lake katika sifa hiyo. Ndipo anapojituma: hafichi kasoro ya mashine, wala hakimbilii kwingine kwa nyongeza ya shilingi chache. Hasa ikiwa yeye mwenyewe alishika jembe. Aliyezisoma habari hizo gazetini tu ni mgeni kama sisi.

Hata hivyo tusidanganyane. Msitu haulipi kodi ya nyumba. Popote pale, kibarua wa mwaka wa tano asiye na kinga ya vumbi, akimwona tajiri wake akitoa hundi kubwa mbele ya kamera, atanung'unika, na ana haki. Kwa maoni yangu mshahara, usalama na mafunzo hutangulia. Hisani ya nje huja juu yake. Tena moyo pekee hausagi mawe: mtambo ukiwa mbovu, hata mwenye bidii atashinda amekaa.

Chama chetu kikipata ziara ya Mombasa, tusiishie kwa kobe na viboko. Tuwatafute wapanda miti, tuwaulize wao.