Kabla ya Kushuka Kreta: Mambo ya Kufanya na Kutofanya na Kamera Mpya

USIENDE kuijaribia kamera mpya Ngorongoro. Kushuka kreta kuna ada ya gari juu ya kiingilio cha kila mtu, na simba hatakungoja utafute kitufe. Ijaribie kijijini Endabash, Karatu. Kuna kuku, mbuzi, kunguru na mwewe anayevizia vifaranga. Hao wanatosha kuiumbua kamera yoyote.

HAKIKI toleo la programu iliyomo kabla ya lolote. Kamera za sasa hutafuta zenyewe jicho la mnyama, na uwezo huo huongezwa hata baada ya kamera kuuzwa: Nikon Z8 ilipata hali ya kutambua ndege pekee kwa toleo 2.00, Februari 2024. Kisha mfuate kuku anayepita nyuma ya mabua ya mahindi. Fokasi ikirukia bua, punguza eneo lake liwe nukta, na ujizoeze kubadili hali hizo mbili kwa kidole gumba bila kuangalia.

USIUAMINI ukimya. Shata ya kielektroniki haina mlio, lakini katika kamera nyingi kihisi husomwa mstari kwa mstari. Bawa likipiga kabla usomaji haujaisha, hutoka limepinda. Kipimo ni rahisi: izungushe kamera haraka kushoto kwenda kulia huku ukipiga nguzo ya umeme. Nguzo ikitoka imelala, ndege wapige kwa shata ya kawaida. Muuzaji atakusifia megapikseli tu, hili hatakwambia.

PANDISHA ISO hatua kwa hatua chini ya mwembe, saa kumi na mbili asubuhi: 1600, 3200, 6400, 12800. Andika ni wapi manyoya ya mbuzi yanageuka uji. Msitu wa Hifadhi ya Ziwa Manyara, unaonyweshwa na maji ya chini ya ardhi, ni mzito, na simba aliyelala juu ya tawi humo hana haja na mwanga wako.

USIBANE kitufe ovyo. Picha ghafi ya megapikseli 45 yaweza kufika MB 50, hivyo fremu 20 kwa sekunde ni GB 1 kila sekunde. Kadi ya bei poa itakwama hapohapo chui anaporuka.

SHONA kifuko, ukijaze maharage (Karatu hayakosekani), ukiweke dirishani. Injini izimwe. Stendi ya miguu mitatu ndani ya gari ni mzigo tu.

PIMA kamera kwa masikio ya tembo. Katika Hifadhi ya Ziwa Manyara, miaka ya 1960, mtafiti Iain Douglas-Hamilton aliwatambua tembo mmoja mmoja kwa picha za masikio yao: michaniko, matundu, mishipa. Yeye alitumia filamu. Wewe uliyenunua mashine inayotafuta macho yenyewe, leta picha itakayomwezesha mtu asiyekuwapo kumtambua tembo yuleyule mwezi ujao. Ukishindwa, tatizo si kamera.

Wala USIMHIMIZE dereva asogee ili tembo atanue masikio. Tembo aliyeyatanua huku amelikabili gari ameshakuonya.

USILAUMU lenzi saa saba mchana. Hewa ya moto inayocheza juu ya ziwa huharibu picha ya heroe wa mbali hata kwa lenzi ya mamilioni. Rudi alfajiri.

Usibadilishe lenzi barabarani. Vumbi jekundu la Karatu likishatua kwenye kihisi, utaliona katika kila anga ya buluu.

Usirushe droni hifadhini bila kibali.

OMBA ruhusa kwa watu. Mama wa Kiiraqw anayepalilia shamba lake si kitu cha kujaribia fokasi, na akikataa, shusha kamera, msalimie, upite.

ZIMA GPS. Kreta ina faru weusi, ambao majangili huwasaka, na kamera nyingi mpya hupokea mahali ulipo kutoka kwenye simu na kupaandika ndani ya faili. Usiishie kwenye menyu. Fungua faili moja kwenye kompyuta uone kama kweli imezimika, kabla hujamtumia mtu yeyote picha ya faru.