Tengeneza nyumba yako ungali hai: Somo juu ya urithi na wosia

Maandiko ya kusoma nyumbani kabla ya mkutano: Yeremia 32:6-15, Hesabu 27:1-11 na 36:1-12, 2 Wafalme 20:1-6.



Somo letu la leo halipendwi na watu wengi. Tukilitaja, wengine wanafunga masikio na kusema: «Mnaniombea kifo?» Lakini hapa kwetu Walungu tunazika kila mwezi, na mara nyingi matanga hayajaisha, ugomvi umekwisha kuanza. Wajomba na baba wadogo wanahesabu mbuzi, ndugu wa marehemu wanataka funguo za nyumba, mjane amekaa chini na watoto hajui atalala wapi kesho. Wakati mwingine wanamwita mchawi ili wapate sababu ya kumfukuza. Na hawa wote ni wakristo, waliimba pamoja kaburini.

Kwa nini mambo yanafika hapo? Mara nyingi si kwa sababu marehemu alikuwa baba mubaya. Ni kwa sababu alikufa bila kuacha neno lolote lililoandikwa. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

1. Nabii aliyenunua shamba wakati wa vita

Tusome vizuri Yeremia 32. Yerusalemu imezungukwa na majeshi ya Babeli. Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Yeye ndiye nabii, anajua kwa ufunuo kwamba mji utatekwa. Hata hivyo, Hanameli mwana wa baba yake mdogo alipokuja kumwuzia shamba la Anathothi, Yeremia alinunua kwa shekeli 17 za fedha.

Angalia namna alivyofanya. Aliandika hati. Akatia muhuri. Akaita mashahidi. Akapima fedha mbele yao. Hati zilikuwa mbili, moja imefungwa kwa muhuri na moja wazi. Kisha akampa Baruku, mbele ya watu wote, aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi.

Wandugu, sisi ni watu wa maono na ndoto, wala hatuoni haya. Lakini nabii huyu hakusema: «Mungu amenionyesha shamba ni langu, inatosha.» Alipewa neno la Mungu, na bado alitengeneza karatasi. Ndoto ya mama mzee wa kanisa juu ya shamba la marehemu haiwezi kusimama mbele ya juge. Tena ndoto ya namna hiyo ikitolewa wakati wa ugomvi inaweza kupasua ukoo mzima. Mtu asitumie unabii kugawanya mali ya watu.

Na sisi pia tumejua vita. Vile vya 1996 na vya 1998, na mashambulizi ya usiku katika vijiji vyetu miaka iliyofuata. Vita vilifika tena Bukavu mwezi wa Februari 2025. Kila mara watu walikimbia, nyumba zikafunguliwa, karatasi zikapotea au zikaungua. Basi tujifunze kwa Baruku: nakala moja isikae peke yake.

2. Je, kuandika wosia ni kuita kifo?

Mfalme Hezekia alipougua, nabii Isaya alimwambia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa sababu atakufa. Hezekia akalia na kuomba, na Mungu akamwongezea miaka 15. Maneno ya kutengeneza nyumba hayakumwua. Kifo kinakuja kwa aliyeandika na kwa asiyeandika. Tofauti inaonekana kwa wale wanaobaki.

3. Sheria ya inchi yetu inasema nini?

Wengi wanafikiri urithi ni jambo la desturi tu. Sivyo. Tunayo Sheria ya Jamaa, namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Mambo makubwa ndiyo haya:

a) Watoto wanatangulia. Watoto wa marehemu wanapata sehemu tatu juu ya nne za urithi, nao wanagawana sawasawa. Sheria haitenganishi kijana na msichana, wala mkubwa na mdogo. Watoto waliozaliwa ndani ya ndoa, waliozaliwa inje lakini baba amewakubali kisheria angali hai, na waliochukuliwa kisheria kuwa watoto wa nyumba, wote wamo. Hata wosia hauwezi kuwanyang'anya hizo robo tatu.

b) Robo inayobaki ni ya kundi la pili: mume au mke aliyebaki, baba na mama wa marehemu, na ndugu zake. Wakiwako wote, kila upande unapata sehemu moja juu ya kumi na mbili.

c) Mjane hana urithi tu, ana mali yake mwenyewe. Kama wakati wa kuoana hamkuchagua njia nyingine, sheria inahesabu kwamba vitu mlivyopata pamoja baada ya kuoana ni vya wote wawili. Kwa hiyo baba akifa, nusu ya vitu hivyo si urithi hata kidogo. Ni ya mama. Shamba ambalo baba alipewa na babu yake ni jambo lingine, hilo ni la baba peke yake na linaingia lote katika urithi.

d) Mjane anayo haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokaa na mume wake na kutumia vyombo vyake. Akiolewa tena, haki hiyo ya nyumba inaisha.

Tuchukue mfano wa hesabu. Baba na mama walipata pamoja nyumba, ng'ombe na parseli, jumla ya dola 4.800. Nusu ni ya mama: 2.400. Urithi wa baba ni 2.400 zinazobaki. Watoto sita wanapata robo tatu, ndiyo 1.800, kila mmoja 300, wasichana kama vijana. Zinabaki 600: mama 200, wazazi wa marehemu 200, ndugu zake wote pamoja 200. Ona sasa: wale waliokuja matanga na kamba ya kuongoza ng'ombe wote, sheria inawapa sehemu ndogo sana, na kwanza wahesabiwe watoto.

4. Lakini haki hizi zinatafuta karatasi

Hapa ndipo wengi wetu tunaangukia. Mama ameishi na baba miaka 30, mahari imetolewa, kanisa limebariki. Lakini ndoa haikuandikwa kwa ofisi ya serikali. Siku ya magumu, wanamwuliza: «Unaonyesha nini?» Ndoa ya jamaa inapaswa kupelekwa kwa afisa wa serikali iandikwe, na sheria inataka ifanywe ndani ya mwezi mmoja. Vilevile mtoto aandikwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Aliyechelewa asikate tamaa, aulize njia ya kutengeneza jambo lake kwa ofisi au kwa tribinali.

Neno gumu kwa wababa wenye nyumba mbili: sheria ya inchi inatambua ndoa ya mke mmoja. Mke wa pili si mrithi mbele ya sheria. Watoto wake ni warithi kama umewakubali kisheria. Usipofanya hivyo ungali hai, dhambi yako italipwa na mtoto asiye na kosa.

5. Mashamba yetu: kalinzi au bwasa?

Katika Bushi tunajua vizuri tofauti hii, lakini watoto waliokulia Bukavu hawaijui tena. Shamba la kalinzi, ambalo mzee alitoa ng'ombe au mbuzi kwa mwenye udongo, linakaa katika jamaa na kurithiwa. Shamba la bwasa ni la kuomba kwa muda, kwa kupanda maharagi au viazi vitamu. Ukivuna, mwenyewe anaweza kulirudisha. Ndiyo sababu mtu wa bwasa hakubaliwi kupanda migomba. Na bugule ni shamba la kununua.

Baba, ukifa bila kuwaambia watoto, watagombania bwasa la mtu mwingine, au watapoteza kalinzi ya babu yao kwa sababu mashahidi wote wamekufa. Andika kila shamba: liko kilima gani, limepakana na nani pande zote, lilipatikana kwa njia gani, mwaka gani, kwa kutoa nini, mbele ya nani. Peleka karatasi hiyo kwa mkubwa wa kijiji na wazee wa mipaka waweke sahihi wangali hai.

Tukumbuke pia kwamba kwa sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni wa Serikali, na hati yenye nguvu kuliko zote ni sertifika inayotolewa na ofisi ya mashamba. Wengi wetu hatuna uwezo wa kuifikia. Lakini karatasi ya mashahidi ni bora kuliko mikono mitupu.

6. Binti zetu

Wazee wanasema: «Msichana akipewa shamba, litaenda ukoo mwingine.» Hofu hii si mpya. Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari na mkutano wote, kwa sababu baba yao alikufa jangwani bila mtoto kijana. Musa hakuwafukuza. Aliuliza kwa Mungu, na jibu lilikuwa kwamba wanasema haki. Baadaye, katika Hesabu 36, wazee wa kabila walileta hofu hiyohiyo ya shamba kutoka. Walisikilizwa, na njia ikapatikana. Lakini njia hiyo haikuwa kuwanyang'anya mabinti urithi wao.

Nasi tunaweza kutafuta njia. Mashamba ya Walungu ni madogo, na kukata vipande nane vya kulima hatua kumi kumi ni kuua shamba. Watoto wanaweza kupatana kulitumia pamoja, au mmoja kubaki nalo na kuwalipa wengine thamani ya sehemu zao. Muhimu ni kwamba binti ahesabiwe, aulizwe, na akubali mwenyewe bila kutishwa.

7. Namna ya kuandika wosia

Sheria inakubali njia hizi:

Wosia wa mkono wako. Uuandike wote kwa mkono wako mwenyewe, utie tarehe na sahihi. Mchungaji au mtoto akikuandikia, si wa mkono wako tena, na unaweza kukataliwa.

Wosia mbele ya notere au afisa wa ofisi ya hali ya raia. Hii ni njia nzuri kwa asiyejua kuandika.

Wosia wa mdomo, kwa mtu aliye katika hatari ya kifo, mbele ya mashahidi wazima wasiopungua wawili. Huu unafaa kwa mambo machache tu, na mgonjwa akipona, baada ya muda unakuwa bure. Msiungojee huu.

Ndani ya wosia taja mke na watoto wote kwa majina, hata yule ambaye hupendi kumtaja. Taja mali zote. Taja madeni: unayodaiwa na unayodai. Taja mtu mwaminifu wa kusimamia ugawaji, ambaye jamaa inamheshimu na ambaye hana njaa ya mali yako. Yeye si mwenye mali. Amewekewa tu mikononi. Mama naye aandike wake, kwa maana naye ana mali na naye atakufa.

Weka nakala moja nyumbani, moja kwa msimamizi, moja mahali mbali, kwa mtoto wa mjini au kwa mtu wa kuaminiwa. Na viongozi wa kanisa tujihadhari: anayemsaidia mgonjwa kupanga mambo yake asijipatie sehemu humo.

Ugomvi ukitokea, jamaa na wazee wajaribu kwanza kupatanisha. Wakishindwa, tribinali ya amani iko papa hapa Walungu. Mjane kwenda tribinali kutafuta haki yake si kukosa imani.

Kazi ya juma hili

Kila nyumba iketi jioni moja, baba, mama na watoto wakubwa, wachukue kaye na kuandika mashamba na mali zao. Anayeanza na ukurasa mmoja amefanya vizuri.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Kwa nini Yeremia aliandika hati mbili, naye alikuwa nabii?
2. Ndoa yako imeandikwa kwa serikali? Watoto wako je?
3. Ukifa leo usiku, nani anajua mipaka ya shamba lako?
4. Katika jamaa yako kuna mjane au yatima aliyenyang'anywa kitu? Nyumba yako iliingia katika jambo hilo namna gani, na mnaweza kurudisha nini?

Swali la nne ni gumu. Tusiliruke.

Bwana awape amani nyumbani mwenu, ninyi na wale mtakaowaacha. Amina.