Kosa la Mkono na Kosa la Lugha: Kigezo cha Umahiri wa Nukta Nundu kwa Mwalimu wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Maandishi ya nukta nundu, ambayo Louis Braille aliyachapisha mjini Paris mwaka 1829, hujengwa kwa nukta sita: 1, 2 na 3 katika safu ya kushoto, 4, 5 na 6 katika safu ya kulia. Aghalabu mwalimu wa wanafunzi wasioona huhesabiwa kuwa mahiri pindi ayatambuapo maumbo yake. Makala haya yanadai kwamba kigezo hicho hakitoshi. Mwalimu wa Kiswahili sharti pia aweze kupambanua kosa la mkono na kosa la lugha.

2.0 Herufi zinazogeuzana

Mwanafunzi atumiaye kibao na kalamu ya kutobolea huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza karatasi ili asome nundu kutoka kushoto. Kwa hiyo kila umbo huandikwa kinyume. Mashine ya Perkins haihitaji ugeuzaji huo. Mwandishi wa kibao akisahau kugeuza, jozi nne za herufi hubadilishana:

(a) e (1, 5) na i (2, 4): penda / pinda
(b) d (1, 4, 5) na f (1, 2, 4): dua / fua
(c) h (1, 2, 5) na j (2, 4, 5): hana / jana
(d) r (1, 2, 3, 5) na w (2, 4, 5, 6): kura / kuwa

3.0 Athari katika usahihishaji

Jozi (a) ndiyo yenye uzito zaidi, maadamu irabu hizo hubeba sarufi: -i huishia kitenzi cha ukanushi wa wakati uliopo, na -e huishia dhamira tegemezi. Mwanafunzi aliyekusudia *hasomi* akaandika *hasome* huonekana hajui ukanushi, hali huenda mkono wake tu ndio uliokosea. Njia ya kubaini ni tatu. Kwanza, daftari lichunguzwe: je, lina pia *wudi* kwa *rudi*? Pili, sentensi iyo hiyo iandikwe kwa mashine. Tatu, itamkwe. Atamkaye *hasomi* sarufi anayo. Anachohitaji ni mazoezi ya kibao, si somo la vitenzi.

4.0 Hitimisho

Kutokana na hayo, inapendekezwa kwamba mwalimu apimwe kwa kuandika kwa kibao na kwa mashine, na kwa kusahihisha insha ya mwanafunzi huku akiainisha chanzo cha kila kosa. Upimaji huo ufanywe kwa Kiswahili, kwani kufaulu nukta nundu za Kiingereza na vifupisho vyake si ushahidi wa umahiri huu. Pasipo kigezo hicho, mtoto ajuaye lugha yake ataendelea kupunguziwa alama kwa sarufi ambayo hajaikosea.