Kwenda Ujerumani Kujitolea: Fanya Haya, na Haya Usithubutu

Maneno haya ni kwa kijana aliyemaliza shule, ametimiza miaka 18, na anataka kwenda Ujerumani kujitolea kwa mwaka mmoja. Njia halali zipo. Bundesfreiwilligendienst, mpango wa kujitolea wa serikali ya huko, ulianzishwa mwaka 2011 utumishi wa lazima jeshini uliposimamishwa, na wageni nao hupokelewa. Programu ya weltwärts ilianza mwaka 2008 kwa kuwatuma vijana wa Kijerumani kwetu na kwingineko. Mlango wa upande wa pili ulifunguliwa mwaka 2013, nasi tukaanza kwenda kwao. Kwa hiyo nenda ukiwa na kichwa kilichoinuka. Kuna makao ya wazee, shule za chekechea na karakana za watu wenye ulemavu zinazohitaji mikono yako, na kazi hiyo ina mkataba.

Usimlipe dalali. Hili nalisema kwanza kwa sababu ndilo linaloumiza familia nyingi. Makundi ya WhatsApp yamejaa watu wanaojiita mawakala. Wanaanza na pesa ya kufungua faili, wiki ijayo ni pesa ya barua ya mwaliko, kisha pesa ya miadi ya ubalozini, na kila mara kiasi kinachoombwa ni kile ambacho mzazi akikaza anaweza kukipata: atauza mbuzi, au ataweka rehani pikipiki ya mwanawe mwingine. Miadi ya ubalozi haiuzwi. Ada ya viza ina utaratibu wake rasmi na risiti yake, haipiti kwenye simu ya mtu binafsi. Ndani ya weltwärts, nauli ya ndege, bima, malazi, chakula na posho hubebwa na programu. Ukiomba nafasi mwenyewe nje ya programu hiyo huenda ukajilipia nauli, lakini hapo tiketi unainunua wewe, kwa jina lako, tarehe ukiijua. Anayekutaka utume fedha kabla hujaona jina la kituo utakachofanyia kazi ni mwizi. Mripoti.

Soma mkataba mpaka mstari wa mwisho. Tafuta saa za kazi kwa wiki, posho, siku za likizo, mahali pa kulala, na siku za semina, ambazo kwa mwaka mzima ni 25. Ukiwa umeandikwa Kijerumani nawe hujauelewa, mtafute anayeijua lugha hiyo, na asiwe mtu yuleyule aliyekuletea karatasi. Acha nakala kwa mama au baba. Pasipoti yako, usimkabidhi mwenye nyumba wala msimamizi aitunze. Watu wazima hutunza pasipoti zao wenyewe.

Usiitumie safari kukwepa wajibu wa nyumbani. Mtanzania aliyemaliza kidato cha sita na kuitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria amalize hilo kwanza. Uliyepata nafasi chuoni, andika barua ya kuahirisha masomo na usubiri jibu la maandishi.

Jifunze Kijerumani kabla hujapanda ndege. Goethe-Institut ina madarasa na mitihani Dar es Salaam na Nairobi. Usijidanganye kwamba Kiingereza kitakuvusha. Bibi wa miaka 88 aliyeamka usiku wa manane asijue yuko wapi hatakuelewa, na hofu yake haitasubiri ufungue kamusi ya simu.

Kwenye makao ya wazee ndiko wengi wetu hupelekwa, na ndiko makosa yana gharama kubwa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Zamu ikianza saa kumi na mbili asubuhi, muda huo uwe umeshavaa sare na umesimama kwenye makabidhiano, unasikiliza nani hakulala na nani ameanguka. Ukifika saa kumi na mbili na dakika tano ukiwa bado unavua koti, umechelewa, na kesho wataikumbuka. Bisha mlango kabla ya kuingia chumbani kwa mzee, hata kama hasikii vizuri. Mwite kwa jina la ukoo, Frau (Bi) au Herr (Bwana) fulani. Kumwita bibi au babu, ambako kwetu ni heshima, kule huonekana umemshusha. Unapomwogesha, funika sehemu ya mwili usiyoiosha kwa wakati huo, na mwambie unachotaka kufanya kabla ya kumgusa. Na sikiliza hili kwa makini: mzee mwenye shida ya kumeza huandaliwa kinywaji kilichofanywa kizito. Akikuomba maji, nawe kwa huruma ukamjazia glasi bombani, maji hayo yanaweza kuteremka mapafuni. Uliza kwanza. Uliza kila siku, hata ukionekana mjinga.

Usikubali kupewa kazi ya muuguzi. Kwa sheria yao, anayejitolea ni msaidizi, na haruhusiwi kuziba nafasi ya mfanyakazi aliyeajiriwa. Kuchoma sindano na kugawa dawa si juu yako. Ukiachwa peke yako na ghorofa nzima ya wagonjwa, iandike tarehe, kisha umwambie msimamizi wako na shirika lililokupeleka. Fanya hivyo pia ukitukanwa kwa ajili ya rangi yako. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi wa rangi kazini, na kituo cha kazi kinaweza kubadilishwa. Usijinyamazie miezi minane halafu ukatoweka usiku.

Usipige picha za watoto wala wazee. Usiweke kwenye status, hata mtoto akiwa amekukumbatia na mnacheka. Bila idhini ya wazazi au ya mwenyewe, ni kosa, na wapo waliopoteza nafasi zao kwa picha moja.

Usiahidi fedha nyumbani. Wazazi na wajomba, nanyi sikieni: posho hii ni ya sabuni, nauli ya basi na vocha. Mnapomdai karo ya wadogo zake, mnamsukuma kwenye vibarua ambavyo kibali chake hakimruhusu, na akikamatwa ni yeye atakayerudishwa.

Ndani ya wiki mbili tangu uhamie, nenda ofisi ya manispaa ukaandikishe anwani yako. Bila karatasi hiyo, kibali cha ukaazi na akaunti ya benki vitakusumbua. Nunua koti zito huko huko. Desemba mjini Berlin jua huchomoza saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi jioni, na giza hilo huwalemea hata wenyeji. Usijifungie chumbani: jiunge na kwaya, timu ya mpira, kanisa au msikiti. Ukiona hulali wala huli, sema, bima yako ya afya ni ya kazi hiyo.

Usitoroke mwaka ukiisha. Ukitaka kusomea uuguzi huko, ipo njia ya wazi, yenye viza yake na kiwango chake cha lugha. Iombe kwa jina lako. Anayetoroka hufunga mlango kwa mdogo wake anayepeleka maombi mwakani, na kituo kilichompokea huanza kusita kumpokea mwingine kutoka kwetu.

Miezi mitatu kabla ya kuondoka, sitisha kwa barua mkataba wa simu, maana ukiuacha utaendelea kudaiwa. Futa anwani yako manispaa. Dai cheti cha kazi kinachoeleza ulichofanya, chenye saini na muhuri, na ukisome kabla hujakipokea. Kikiwa na kosa, kirekebishwe ukiwa bado umesimama pale ofisini.